Moto Huu Nitaukuza Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Kimulot, ukungu wa msitu wa Mau umelala juu ya majani ya chai, nami nimepiga magoti mbele ya jiko la kuni nikilia kama mtoto. Nilikuwa mjane, na bado msichana wa watu. Mume wangu Kipkoech tulimzika kabla mahindi hayajatoa maua, na sasa mahindi yenyewe tulikuwa tumeshavuna.

Jiko lile alilijenga yeye. Nje matofali ya kawaida, juu bomba la kupeleka moshi nje ya paa, na ndani, pale moto unapokaa, matofali ya moto, yale meupe-meupe yasiyoogopa joto. Hayo ya ndani ndiyo yaliyokuwa yamevunjika. Mengine yamepasuka katikati, moja limeporomoka kabisa, na joto lilikuwa likipenya mpaka ukuta wa mbao wa jikoni. Ubao ulishaanza kuwa mweusi. Wanangu walikuwa wakilala upande wa pili wa ukuta huo.

Mwanangu, wewe umezoea gesi, unaweza kusema jiko ni jiko tu. Kwetu, nyumba isiyotoa moshi asubuhi, majirani huuliza wenyewe wamehamia wapi.

Shemeji yangu Kiprono, kaka mkubwa wa marehemu, alilijua hilo. Siku chache kabla, alisimama mlangoni, mikono nyuma, akatazama ule ufa.

"Mama Chebet," akasema, "hii jiko imekufa na mwenyewe. Funga nyumba, kuja na watoto mkae kwangu. Mambo ya majani chai mimi nitaangalia."

Maneno matamu, na asali pia hukaa na nyuki. Nilijua siku nitakayofunga mlango ule, shamba limekwenda. Nikampigia simu fundi. "Mama, niko na kazi mingi," akasema. Nikampigia wa pili, naye ana kazi nyingi. Wa tatu alinihurumia akanipa ukweli: "Mzee Kiprono ametuambia tusikanyage hapo."

Ndipo asubuhi ile nikalia. Na nikiwa hapo chini, mama mkwe wangu akaingia. Watoto walimwita Kogo, yaani nyanya, nami pia nikamwita hivyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza neno. Nilimwogopa. Nikajiambia, Kiprono ni mwanawe, amekuja kunitoa.

Akanitazama, akatazama jiko.

"Unalia moshi ama unalia mume?"

Nikapangusa macho kwa upindo wa leso.

"Kama ni moshi, toa tofali. Kama ni mume, lia huku ukitoa. Lakini usilie ukingoja Kiprono akuonee huruma. Mimi nimemzaa, namjua."

Nilikasirika, mwanangu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Kiprono, nikamkasirikia hata marehemu kwa kuniacha. Na hasira ile ndiyo iliyoninyanyua. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho yangu yalikuwa mekundu kwa moshi na machozi, lakini moyo ulikuwa umeamka.

Tukaliacha jiko lipoe kabisa. Nikazoa jivu, nikatwaa nyundo na tindo za marehemu, nikaanza kuchokoa udongo wa zamani polepole, kwa maana ukigonga kwa pupa unavunja na tofali zima. Kogo aliketi kando akipokea vipande na kuvipanga chini vile vilivyokaa ndani, ili nisisahau. Nyuma ya nyumba kulikuwa na matofali mekundu ya ujenzi na mfuko wa simiti. Nikavitazama kwa tamaa. Kogo akatikisa kichwa. Alimwona marehemu mwanawe akilijenga jiko lile. Simiti ikipata moto mkali hupasuka, na tofali jekundu huifuata.

Nikaenda Bomet, tofali moja lililovunjika nimelifunga ndani ya leso. Mwenye duka akanionyesha mekundu. "Chukua haya, mama. Moto ni moto tu."

Nikaliweka lile langu juu ya meza yake. "Nipe ndugu za hili. Kama huna, sema huna."

Alikuwa nayo. Aliyatoa nyuma ya duka, pamoja na udongo wake maalum.

Kazi ya kuyapanga ilinichubua vidole. Udongo uliokorogwa mpaka ukawa kama uji mzito, unapakwa mwembamba. Na pembeni unaacha nafasi ndogo, kwa kuwa tofali likipata joto huvimba, nalo likikosa pa kuvimbia hujivunja. Nilipomaliza, Kogo alipitisha kiganja chake ndani, akasema, "Sasa uliache lizoee. Moto wa vijiti tu, mpaka likauke."

Lakini habari ina miguu. Kesho yake Kiprono akaja na wazee wa kokwet, baraza letu la kijiji, wakaketi uani kwangu. Akasema mwanamke hawezi kushika boma peke yake. Akasema nimeziba jiko ovyo, nitachoma watoto wa ndugu yake.

"Awashe moto mkubwa hapa hapa tuone," akasema. "Likishika, akae. Likipasuka, atoke."

Wazee wote wakanigeukia. Udongo ulikuwa bado mbichi, na Kiprono alijua. Nikasimama.

"Wazee wangu, nawaheshimu, na chai mtakunywa. Lakini jiko hili nimelijenga jana, na moto huu nitaukuza mwenyewe. Anayetaka moto mkubwa leo anataka kuona likipasuka."

"Mnasikia vile anajibu wazee?" Kiprono akafoka.

Kogo alichukua kigoda chake, akakiweka mlangoni pa jikoni, akaketi akiwa amemtazama mwanawe.

Mzee mkubwa kuliko wote akavua kofia. "Tutangoja chai," akasema.

Wakangoja! Niliwasha vijiti vyembamba, na maji yakachelewa mpaka mzee mmoja akasinzia. Mvua ikaanza, wakasogea chini ya mabati. Sikuongeza hata ukuni mmoja. Chai ilipochemka nikawamiminia, wakanywa. Kisha yule mzee mkubwa akauliza:

"Marehemu amezikwa wapi?"

"Hapo nyuma ya nyumba."

"Na hawa watoto ni wa nani?"

"Ni wake."

Akamgeukia shemeji yangu. "Sasa, Kiprono, ulituita kwa nini?"

Kiprono aliondoka kikombe kikiwa nusu. Kwa miaka mingi alipita langoni kwangu akiangalia upande mwingine. Alipougua nilimpelekea maziwa. Aliyanywa, hakusema asante, nami sikuwa nimeyapeleka ili nishukuriwe. Shamba lile nalichuma mpaka leo.

Mwanangu, wanasema mnyonge hana haki. Mimi nakataa, na wewe ukatae. Usimruhusu mtu atumie kilichovunjika kwako kuwa sababu ya kukutoa kwako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo jifunze kuziba kwa mkono wako, hata mafundi wote wakikunyima mikono yao. Heshimu wakubwa, lakini heshima haina maana ya kuinama mpaka ukanyagwe. Na adui akikuharakisha ujithibitishe mbele yake, kaa na mwendo wako. Haraka hiyo ni yake, si yako.

Mungu akupe mgongo usioinama ovyo na majirani wasioogopa kusema kweli. Ng'ombe wako wazae, mvua ikukute umeshafika nyumbani, na jina lako litajwe langoni kwako hata utakapokuwa mzee kuliko mimi.