Gia za Kupandia Nyakivumu

Mpaka mwaka jana, hapa Rungwe Mpya ilikuwa vigumu kumpata mtu mzima ambaye hajawahi kumsukuma Pelagia Nkunzimana. Mimi nimemsukuma tangu mwezi wa kwanza nilipohamishiwa hapa kufundisha shule ya msingi. Katekista amemsukuma, wauza ndizi wamemsukuma, na siku moja walevi wawili waliokuwa wanagombana waliacha ugomvi wao barabarani, wakamsukuma hadi juu, kisha wakarudi kuumalizia.

Miguu ya Pelagia ilipooza kwa polio akiwa na miaka minne. Hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono: anakaa kitini, anazungusha pedali zilizo mbele ya kifua, cheni inashuka hadi gurudumu la mbele, anakwenda. Baiskeli yenyewe aliipata kwa mzee Nduwayezu, ndugu wa mbali wa marehemu baba yake, aliyekuwa akiishi Mtendeli, kambi ya wakimbizi. Kambi ilipofungwa mzee akapangiwa lori la kurudi Burundi, na lori halikuwa na nafasi ya baiskeli. Pelagia akapanda basi hadi Kibondo, akaipokea stendi, ikafungwa juu ya basi la kurudi Kasulu. Anasema njia nzima alikuwa akiinua macho kwenye dari la basi kana kwamba anaweza kuiona.

Ni fundi cherehani. Anashona nguo za watoto, na siku ya gulio anazifunga nyuma ya kiti anakwenda kuuza. Kwenye tambarare hunipita mimi na miguu yangu miwili. Shida ni kwamba kati ya nyumba yake na gulio pana mlima tunaouita Nyakivumu, na mlima huo hauna huruma na mikono ya mtu. Hapo chini ndipo alipokuwa akisimama kumsubiri mpita njia.

Mambo yalianza na glovu. Siku hiyo Pelagia alikuwa mjini Kasulu kwa Hashimu, fundi baiskeli, akirekebishiwa breki. Jirani wa Hashimu ni Firdausi, binti anayeuza kava na chaja za simu. Firdausi akaviona viganja vya Pelagia.

"Da Pelagia, mikono imekuwaje?"

"Si ule mlima, mdogo wangu. Unaniachia malengelenge, yanapasuka, yanaota mengine."

Firdausi akamwonyesha simu yake. Kulikuwa na glovu za waendesha baiskeli, nyeusi, zilizokatwa vidole, zenye sponji kiganjani. Bei yake ilikuwa ya kilo mbili za mchele.

"Duka hili liko wapi? Dar?"

"Dar hawapo. Wako kwao huko China, wanatuma wenyewe. Hata mimi kava zangu naagiza hivi hivi."

"Sasa wao wananijua?"

"Hawakujui. Wanataka jina na sanduku la posta tu."

Sanduku likawa la parokia. Wiki ya tano kifurushi kikafika. Pelagia alikileta kwangu bado kimefungwa, akakiweka mezani, akanionyesha karatasi iliyobandikwa juu yake. Ilikuwa na jina lake lote, na chini yake: Rungwe Mpya, Kasulu, Kigoma.

"Mwalimu, soma."

Nikasoma.

"Kuna mtu huko ameandika Rungwe Mpya," akasema taratibu. "Hajawahi kufika. Labda hajui hata kama ni mji au ni mto. Ameandika, na kimefika."

Glovu alizivaa kesho yake. Siku ile alishinda akitazama karatasi.

Baada ya hapo akaagiza kioo cha pembeni, akaagiza na taa nyekundu ya nyuma. Kila mara Firdausi alimwonyesha mahali kifurushi kilipofikia, na Pelagia akajifunza majina ya miji ambayo sisi walimu tulikuwa tunayaona kwenye ramani tu. Alikuwa akinisimamisha njiani: "Mwalimu, kioo changu kiko angani." Alisema hivyo kwa sauti ile watu wanayoitumia kanisani.

Kisha akaona gia. Ilikuwa kwenye video fupi: habu, yaani kile kikombe cha katikati ya gurudumu ambamo njiti zinaanzia, ambayo ndani yake zimefichwa gia tatu. Unavuta kijiti, gurudumu linakuwa jepesi. Alimpelekea Hashimu picha.

Hashimu ni mtu mzuri, ila haamini kitu ambacho hajakigonga kwa spana. "Dada, kununua habu ambayo hujaishika ni sawa na kuoa kwa picha."

"Wapo waliooa kwa picha wakatulia, fundi."

"Na waliojuta?"

"Wale hata wangeoa jirani wangejuta."

Muuzaji aliitwa Meiling, au ndilo jina lililoandikwa. Aliandika kwa lugha yake, simu ikageuza kuwa Kiswahili cha ajabu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Gurudumu lako lina mashimo mangapi?" Pelagia akahesabu njiti, thelathini na sita. Akaulizwa upana wa uma wa mbele, Hashimu akapima. Akaombwa picha. Pelagia akapiga picha baiskeli yake mbele ya nyumba, mama yake mzazi amesimama pembeni na jembe.

Jibu likachukua siku nzima. "Gari lako la mikono ni zuri. Nimeuza miaka tisa kwa miguu. Sijauza kwa mikono. Kwa nini unataka gia?"

Pelagia akaandika neno moja: "Mlima."

"Mlima una ukali gani?"

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Jumamosi hiyo mimi na Pelagia tulikwenda Nyakivumu na kamba, fimbo ndefu, na chupa ya maji niliyoilaza ili inionyeshe usawa. Watu walitupita wakitushangaa. Tulipata kwamba kwenye kona, mahali pabaya kuliko pote, kila hatua kumi za kwenda mbele unapanda zaidi ya hatua moja. Nikachora kwenye karatasi ya daftari, Firdausi akaipiga picha, ikaenda.

Nikiwa nimelala siku zile nilikuwa nafikiri: kuna mwanamke amekaa mahali fulani ng'ambo ya dunia anautazama mchoro wangu wa Nyakivumu. Nimeufundisha mlima huo kwa watoto wa hapa hapa na hawakuutazama hivyo.

Meiling akajibu: "Nimefikiri mlima wako. Nimeweka." Hatukuelewa ameweka nini. Pelagia akalipa.

Safari hii kifurushi kilichukua wiki tisa. Wiki tatu kilisimama mahali pamoja, na jina la mahali hapo likawa halibadiliki kila Firdausi akifungua simu. Hashimu alikuwa akifanya kazi zake huku akipiga mluzi, kama mtu aliyekwisha kuonya. Mama yake Pelagia alisali rozari. Kisha asubuhi moja kikatokea Dar es Salaam, na siku chache baadaye barua ya posta ikaja parokiani.

Tulikifungua kwenye karakana ya Hashimu. Habu ilikuwa nzito, inang'aa, imejaa mafuta ndani. Hashimu akaizungusha kidoleni, akaisogeza sikioni. Akaizungusha tena.

"Hii," akasema, "hii siyo mchezo."

Kulikuwa na waya, na kijiti cha kubadilishia gia. Chini kabisa, ndani ya gazeti lililoandikwa herufi za kwao, kulikuwa na duara la meno la kuvalisha cheni, kubwa kuliko lile lililofungwa kwenye habu. Hashimu akalitazama. "La akiba hili." Akalitundika msumarini.

Kazi ilimchukua siku mbili. Uma wa mbele ulipelekwa kwa mchomeleaji ukatanuliwa. Njiti zote thelathini na sita zilifumwa upya, moja moja, na gurudumu likanyooshwa mpaka likazunguka bila kuyumba. Pelagia alikaa kwenye benchi muda wote huo, hakutaka kula.

Jioni ya siku ya pili tukaenda chini ya Nyakivumu, sisi wanne. Pelagia akavuta kijiti hadi gia nyepesi, akaanza. Nilikuwa nyuma yake. Alipanda. Jamani, alipanda! Alipita mkorosho wa kwanza, akapita nyumba ya bati, na Firdausi akapiga kigelegele. Lakini kwenye kona mikono yake ikaishiwa nguvu. Pedali zikasimama. Baiskeli ikasita, ikaanza kurudi nyuma, nikaidaka.

Nikasubiri aniambie nisukume, hakuniambia. Alikuwa akitazama mikono yake, shingo imelowa jasho.

"Si mbaya, dada," Hashimu akasema. "Nusu umepanda mwenyewe. Nusu siyo kidogo."

"Firdausi," Pelagia akasema, "nisomee tena ule ujumbe wa mwisho."

Firdausi akatafuta kwenye simu. "Nimefikiri mlima wako. Nimeweka."

"Fundi, lile duara ulilolitundika. Lina meno mangapi?"

Hashimu hakuwa ameyahesabu. Akageuka bila kuaga, akapanda baiskeli yake akarudi mjini. Alinipigia simu baadaye, sauti imebadilika. "Mwalimu, lililofungwa lina meno kumi na sita. La msumarini lina ishirini na mawili, na meno yakizidi, mkono unakuwa mwepesi. Halikuwa la akiba. Yule mama alilipigia hesabu, kwa ile karatasi yako. Akalitia bure bila hata kujisifu. Mimi nautazama mlima huu tangu nizaliwe. Sikuupigia hesabu."

Siku ya gulio, asubuhi, ukungu bado umekaa bondeni, Pelagia akafika chini ya mlima amevaa glovu, nguo zimefungwa nyuma, lile duara kubwa limeshafungwa kwenye habu. Watu walikuwa wengi njiani, na wawili watatu wakamkaribia kama kawaida kumsukuma. Akawaashiria kwa kichwa: hapana. Akaanza.

Alikwenda polepole sana. Kinyonga angemshinda. Lakini mikono ilizunguka, ikazunguka, na gurudumu halikusimama. Nilimfuata nyuma na sikujua kwamba nimenyoosha mikono mpaka aliposema, macho yake kwenye kioo cha pembeni:

"Mwalimu, shusha mikono."

Nikaishusha. Sikujua niiweke wapi. Nikaitia mifukoni.

Tukafika kwenye kona. Akapanda kona. Mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka, pumzi inasikika, lakini baiskeli iliendelea kwenda mbele, kidogo, na kidogo tena, mpaka kona ikawa nyuma yetu. Watu waliokuwa wamebeba vikapu walisimama kando ya njia. Hakuna aliyeshangilia. Walitazama tu, kama watu wanavyotazama jua linapopatwa.

Kisha, kabla ya kufika juu, akasimama. Akafunga breki ya mkono.

Nikakimbia. "Umechoka?"

"Hapana."

"Cheni?"

"Mwalimu, hayo ni maji?"

Nikasikiliza. Chini ya barabara, ndani ya magugu, kulikuwa na kijito kinapita juu ya mawe.

"Ndiyo, ni maji."

"Yamekuwepo tangu lini?"

"Tangu zamani. Yapo siku zote."

"Mana yanje," akasema kwa Kiha, Mungu wangu. "Sijawahi kuyasikia." Akafikiri. "Mtu akikusukuma huwezi kumwambia asimame usikilize maji. Amechoka, anataka kufika. Na anapumua kwa nguvu sikioni mwako."

Nilikumbuka mara zote nilizopumua kwa nguvu sikioni mwake, nikiwaza kipindi cha kwanza. Tukakaa pale. Kila aliyepita alinyoosha mkono kumsukuma, naye akainua kiganja chenye glovu: "Asante, nimesimama tu." Mama mmoja aliyebeba mihogo alirudi nyuma kuuliza tena.

Siku hiyo alichelewa gulio, na nguo zilizouzwa zilikuwa chache. Hakujali.

Firdausi alimtumia Meiling picha niliyompiga Pelagia akiwa kileleni. Jibu lilikuwa refu, na simu ililivuruga karibu lote. Tulichoelewa ni kwamba ameionyesha picha kwa watu wa ghalani wanaofunga vifurushi, na mmoja wao, mzee, aliuliza kama huko kunanyesha.

Sasa Hashimu ameshafunga gia kama hizo kwenye baiskeli nne, mbili za watu wa Nyarugusu, moja ya Makere, na moja iliyoletwa juu ya basi kutoka Kibondo. Kabla ya kuagiza, humtuma kila mwenye baiskeli aje kwangu na vipimo vya mlima wake.

Pelagia naye ana jambo lake. Ameanza kwenda mahali ambako hakuna mtu mwingine anayekwenda. Zamani alifika tu kule ambako msukumaji alikuwa na safari yake. Jumapili iliyopita, baada ya misa, alikata kushoto kwenye njia ya upande wa pili wa Nyakivumu, akaenda kwa Jeanne, aliyesoma naye darasa moja na kuolewa huko miaka kumi na saba iliyopita. Katika miaka yote hiyo Jeanne ndiye aliyekuwa akimtembelea.

Jeanne alikuwa anaanika maharage uani. Aliinua kichwa, akamwona Pelagia langoni, akaacha ungo. Akamtazama, kisha akatazama barabara nyuma yake, huku na huku, akimtafuta mtu.

"Karibu, karibu! Umekuja na nani?"

"Nimekuja," Pelagia akasema.