Mishono Mitatu ya Uzi Mwekundu

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Hapana, nasema uongo. Sabini na nane nilikuwa na pasi ya umeme tayari, na siku ile nilishika ya mkaa, najua kwa sababu iliunguza shati la mtu. Basi tuseme sabini na sita. Mwaka huo binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, na siku ya tisa akaniambia mtoto yule si wake.

Tulikuwa na chumba cha kazi mbele ya nyumba, cherehani upande wa dirisha, meza yangu upande wa mlango. Yeye anashona, mimi napiga pasi. Watu walimwita Pindo, kwa sababu pindo lake huoni lilipoanzia wala lilipoishia, na mwishowe hata mimi baba yake nikawa nalitafuta jina nililompa. Kazi nilimfundisha mimi, halafu akanipita, nikarudi kwenye pasi bila kinyongo. Kinyongo kidogo tu.

Kila nguo aliyoimaliza aliitia mishono mitatu ya uzi mwekundu ndani ya kola. Mteja akija na shati limefumuka, analalamika, Pindo anageuza kola. "Hii si yangu, mama. Yangu ina alama." Mjadala umekwisha.

Mumewe alikuwa dereva wa lori, kila siku yuko safarini, kwa hiyo Pindo alipotoka hospitali alikuja kwangu, na dada yangu akaja kumsaidia kulea mtoto. Siku ya tatu akarudi kwenye cherehani. Tulimkataza, akacheka. Akashona mchana, akashona usiku, na mimi kitandani nikiisikia ile mashine nilijisifu kwamba nimezaa mchapakazi. Asubuhi nikamuuliza, "Wewe hulali?"

"Sina usingizi, baba, wala sichoki. Kichwa kimekuwa chepesi kama pamba."

Nikamwambia hongera. Neno hilo mpaka leo limenikaa kooni.

Siku ya tisa, mchana, akaja nesi mmoja, mteja wetu, kuchukua gauni lake la kazi. Akaingiza mkono, mkono haukutokea. Mikono yote miwili ilikuwa imeshonwa ikafungwa mwishoni, kwa mshono safi kabisa.

Nikacheka. "Pindo, unataka Nesi awachome watu sindano kwa miguu?"

Nesi hakucheka. Alikuwa anamtazama Pindo. Pindo alikuwa amemweka mtoto mapajani, anamgeuza, anamchungulia shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, vile tunavyokagua nguo kabla ya kuikabidhi.

"Unatafuta nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Alama. Kila kazi yangu ina alama, huyu hana. Wamenibadilishia kule hospitali. Na wewe, baba, unajua, unawaficha."

"Nani waliokubadilishia?"

"Hao wanaoongea ndani ya cherehani. Huwasikii?" Alisema taratibu, kama anayetaja bei ya kitambaa. "Lakini si neno. Nitamtia mwenyewe, atakuwa wangu."

Hapo ndipo nilipoiona sindano vidoleni mwake, imetungwa uzi mwekundu.

Pasi niliiacha juu ya shati, ikaanza kuunguza. Nesi hakuruka, hakupiga kelele. Alisema, "Hujafunga fundo. Nipe nikushikie, wewe funga."

Pindo akautazama uzi. Kweli, haukuwa na fundo, na fundi haanzi bila fundo. Akampa mtoto.

Nesi akanigeukia. "Mzee, amelala lini mara ya mwisho?"

"Sijui. Siku tano, sita."

Dada yangu akasema hayo ni mambo ya kuombewa. "Ataombewa hukohuko hospitali," akasema Nesi. "Huu ni ugonjwa, dada. Huwapata wachache baada ya kuzaa, na huja mbio. Si kwamba hampendi mtoto. Tunakwenda sasa hivi, si kesho."

Tulipomwacha wodini alinitazama kama mtu aliyeuzwa na baba yake. Wakampa dawa, akalala siku mbili. Mimi kila alasiri nilimbeba mtoto mpaka kitandani kwake, na kila alasiri aligeukia ukuta. "Mrudishieni mwenyewe," anasema. Nilitoka na mtoto analia, na mimi nalia, tukawa wawili. Mkwe wangu alifika, akakaa koridoni na funguo za lori mkononi. "Mzee," akasema, "si mlikuwa nyumba moja?"

Wiki ya tatu sauti zilimtoka. Nikadhani tumevuka. Kumbe akili iliporudi ilirudi na kumbukumbu.

"Baba, ile sindano. Niliishika kweli?"

Nilitaka kumdanganya. "Uliishika."

"Basi msinipe mtoto tena."

Daktari alisema tusiache dawa, alale usingizi wa kutosha, na akibeba mimba nyingine aende mapema wamwangalie, maana ugonjwa huo unaweza kurudi. Alisema itachukua miezi. Ilichukua. Nyumbani alimwogesha mtoto mimi nikiwa nimesimama mlangoni tu, nikisogea anaita. Sindano zote nilizifungia kabatini kwa ombi lake, cherehani tukaifunika shuka. Siku nyingine alishinda amekaa chini, anaitazama mikono yake mwenyewe.

Mtoto alipokuwa ameanza kusimama, Pindo aliniomba ufunguo. Nilimpa, nikabaki palepale. Akashona shati dogo, akaniletea nilipige pasi. Nikageuza kola kwa mazoea. Hamna kitu.

"Umesahau alama."

"Sikusahau. Namjua."

Tangu hapo hakutia alama nguo yoyote. Wateja walileta mashati ya mafundi wengine wakasema ni yake, naye akarekebisha bila neno.

Mimi nina swali langu moja, na nimelizungusha kwa watu. Daktari aliinamia karatasi zake. Nesi alinishika mkono. Mkwe alitazama nje. Pindo mwenyewe nilimuuliza mara moja, akaniambia, "Baba, angalia pasi." Niliuliza hivi: zile siku nilizolala naisikia cherehani na kujisifu, kama ningeinuka hata mara moja nikaizima taa nikamwambia mwanangu lala, je, ule uzi ungetungwa?