Chemchemi Isiyo na Injini

Nakumbuka, mwanangu, umri ambao hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Darasa la nne sikumaliza, lakini kuanzia Kondoa hadi Kibakwe hakukuwa na pampu ya kisima iliyonishinda. Biashara ilipofunguliwa, hapa Makole nani alitangulia kupanda ndege kufuata vipuri nje? Nitajie mwingine.

Aliyenichukua ni Mzee Idi wa Kondoa, mnunuzi wa mazulia huko Uajemi. Siku moja kabla ya kurudi akanipeleka kwenye bustani ya wafalme wa kale. Nje jangwa, vumbi kama letu la kiangazi. Ndani miti mirefu, na mifereji ya vigae vya buluu yenye vichemchemi vinavyoruka bila kupumzika. Mzee akasema hakuna mashine, maji yanashuka tu kutoka birika la kuhifadhia lililo juu kilimani, tangu enzi hizo. Nikacheka. Nikamwambia injini wameificha, na nitaisikia.

Sisi mafundi tunajua, ukiziba mdomo wa bomba, injini inaelemewa, inanguruma. Mzee alipokwenda kuswali nikashindilia kitambaa kwenye bomba moja, nikakanyaga kwa kisigino, nikatega sikio. Kimya. Nikaongeza nguvu. Kitu kikapasuka chini yangu, vigae vikainuka, maji yakakimbilia ukumbi wa kale wenye sakafu ya michoro.

Walinzi wakanidaka mikono. Lugha yao siijui. Niliona gereza tu. Mzee Idi akarudi, akazungumza nao kwa sauti ya chini, muda mrefu, wao wakinikazia macho. Mwishowe akawakabidhi pasi yake ya kusafiria, akaketi kwenye benchi lao. Asingetoka hapo mpaka nilipe.

"Yohana, mdomo unao," akaniambia. "Mbona umeuliza kwa kisigino?"

"Nisamehe, mzee."

"Msamaha baadaye. Leta pesa kwanza."

Pesa yangu yote ilikuwa imeshageuka vipuri. Nikavirudisha sokoni, nikauza kwa hasara, nikimwaza mzee wa watu kwenye lile benchi. Kesho yake tulipoachiwa, ndege ilikuwa imekwenda.

Mwanangu, ukikuta kazi ya watu usiyoielewa, usiipime kwa ujuzi wa kwenu. Uliza, na ukijibiwa, amini japo kwa siku moja. Usimfikishe aliyekudhamini mahali pa kukaa badala yako. Mungu akulinde na fedheha ya ugenini, akurudishe nyumbani pamoja na wote uliotoka nao. Mimi, kwa vigae na tiketi mpya mbili, nililipa dola mia tisa na arobaini.