Majina Yaliyorudi

Wiki ile diski zilipojaa, nilikuwa nimeacha hata kula mchana. Nilikuwa fundi pekee wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto, ofisi yetu ikiwa Kayanga, na nilitunza mashine nne zilizogawana kumbukumbu: yetu, ya Nyabiyonza, ya Isingiro, na ya kituo kimoja upande wa Bugomora. Kilichoandikwa kwenye moja kilinakiliwa kwenye nyingine. Humo ndimo yalimokaa majina ya watoto, na kutoka humo mama alipata ujumbe wa simu: siku ya chanjo imefika, mlete mtoto.

Mfumo ule haukufuta kitu papo hapo. Nesi akifuta jina, jina lilibaki kwenye faili la zamani, na kwenye faili jipya ikaandikwa alama kwamba jina hilo limefutwa. Mafaili madogo yalirundikana kila siku. Kazi yangu ilikuwa kuyaunganisha: mashine inayasoma yote, inaandika faili moja kubwa, safi, kisha inatupa ya zamani pamoja na majina yaliyofutwa na alama zake. Jambo la kuchunga lilikuwa moja, usitupe alama kabla mashine zote hazijaipata. Mashine ambayo haijaipata bado inaamini jina lipo, na itawarudishia wenzake.

Na mimi nilikuwa nimechelewa. Kuunganisha kulizifanya mashine ziwe nzito, manesi wakalalamika wakiwa na foleni ya akina mama mbele yao, nami nikawa nasema wiki ijayo, wiki ijayo. Nikaja kukuta hakuna nafasi. Na bila nafasi huwezi kuunganisha, maana faili jipya lazima liandikwe kabla ya la zamani kutupwa. Nilihamisha kila kilichohamishika. Haikutosha. Mashine ya Isingiro ikakataa kuandika watoto wapya, na nesi wa pale akanipigia asubuhi tatu mfululizo.

"Dada, mtoto huyu nimemwandika mara nne. Mama yake amekaa hapa tangu saa mbili. Nimwambie nini?"

Bosi wangu, aliyekaa Bukoba, alisema nifanye ninavyoweza, ila mfumo usisimame. Mashine ya Bugomora wakati huo ilikuwa imezimika kwa wiki kadhaa. Radi iliunguza kifaa chake cha umeme na kingine kilikuwa hakijafika. Alama zote zilikuwa zinaisubiri hiyo. Ndipo nikapunguza muda wa kusubiri, ili majina yaliyofutwa na alama zake yasiingie kwenye faili jipya, liwe dogo na litoshe. Nilijiambia kwamba Bugomora ikirudi nitaifuta yote na kuijaza upya kabla haijaongea na wenzake. Sikuandika mahali, sikumwambia mtu. Nikabonyeza, nikakaa natazama nafasi ikiongezeka, machozi yakinitoka.

Kifaa kilifika siku ya gulio. Muuguzi mkuu wa kituo cha Bugomora, mama mtu mzima, alimwita fundi wa sola wakafunga wenyewe. Akanipigia akicheka.

"Mwanangu, imewaka! Taa zote za kijani!"

"Mungu ni mwema, mama," nikasema. Nilikuwa sokoni nachagua ndizi. Nilifurahi kweli, na sikukumbuka kwamba nilitakiwa kuifuta kwanza.

Siku ya tatu alipiga tena. "Njoo. Usingoje kesho."

Nilifika kwa bodaboda, suruali imejaa tope mpaka magotini. Nje ya chumba cha chanjo alikuwa amekaa mwanamke wa rika langu, mgongoni hana mtoto. Alinipa simu yake. Ulikuwa ujumbe wetu, kwa maneno niliyoyatunga mwenyewe.

Alimuuliza muuguzi kwa Kinyambo, lugha ya huko, kama ndiye mimi, muuguzi akaitikia kwa kichwa. Kisha mwanamke akanigeukia, Kiswahili chake akikitafuta neno kwa neno.

"Mtoto wangu tulimzika wakati wa mvua. Mliandika hapa hapa, niliona. Sasa mnaniita nimlete. Mmemwona wapi?"

"Ni kosa," nilisema. "Ni kosa langu mimi."

"Nilijua ni kosa. Mume wangu alisema nisije." Akachukua simu yake. "Lakini nimekuja."

Nilijikuta nimepiga magoti, kama tunavyowapigia wakubwa kwetu Muleba. Yeye alitazama pembeni. Baadaye muuguzi aliniambia kwamba kutoka kwake mpaka pale ni mwendo wa nusu siku kwa miguu.

Nilizima ujumbe wote katika wilaya zote mbili za mradi kabla sijamwomba mtu ruhusa. Bosi akapiga simu kwa hasira; nilipomweleza akasema kwenye taarifa jambo hilo tuliite hitilafu ya kiufundi. Niliandika kwamba muda wa kusubiri niliupunguza mimi, nikijua Bugomora imezimika.

Majina yaliyorudi yalikuwa yamechanganyika na ya watoto walio hai, na mashine haikuweza kuyatofautisha, maana alama nilikwisha kuzitupa. Ilibidi niulize watu. Tuliwaita wahudumu wa afya wa vijijini, tukakaa kwenye mabenchi ya kituo, nikawa nasoma karatasi nilizochapisha.

"Yupo," walisema. "Huyo yupo, jana nilimwona." "Hao walihamia Ngara." "Huyo hayupo."

Kila waliposema hayupo niliweka alama kwa kalamu na kuendelea. Kwenye ukurasa wa pili mhudumu mmoja, mzee wa makamo, hakujibu. Nikarudia jina nikidhani hajasikia.

"Huyo ni mjukuu wangu," alisema. "Weka alama."

Niliweka alama, nikaishusha karatasi. Muuguzi alinyoosha mkono, akachukua karatasi, akasoma yeye mpaka mwisho.

Niliyafuta majina yale mara ya pili. Nikazilazimisha mashine zote nne kulinganisha kumbukumbu zake, nikakagua jina moja moja kwenye kila moja, ndipo nikaunganisha mafaili. Hakuna jina lililorudi tena. Lakini nyumba nyingine zilikuwa zimekwisha kupata ujumbe. Wahudumu walizipitia kuomba radhi, na mbili nilikwenda nao. Ya kwanza walitukaribisha, tukapewa viti. Ya pili baba alitusikiliza akiwa amesimama katikati ya migomba yake, akatuambia tusikanyage tena pale.

Kazini sikufukuzwa. Kwa miezi nililala vibaya, na kila asubuhi nilizifungua mashine zile kuzikagua. Siku moja mchana muuguzi alinipigia.

"Yule mama wa ule ujumbe amekuja kuanza kliniki, ni mjamzito. Anataka aandikwe kwenye kadi tu. Namba yake hataki iingie kwenye mashine, wala jina la mtoto akizaliwa. Inawezekana?"

Agizo lilikuwa kila mjamzito aingizwe kwenye mfumo. Nililifahamu vizuri, maana niliwasomea manesi mwenyewe.

"Anasubiri hapo?" niliuliza.

"Yuko mbele yangu."

"Inawezekana, mama," nikasema. "Mwandikie kadi."