Swali la Jiwe na Ardhi Tambarare

Mwalimu wetu wa mekanika alipenda kusema kwamba swali la kitu kilichorushwa hewani ni rahisi kuliko kumenya ndizi. Unaugawa mwendo sehemu mbili: ule wa kwenda mbele, ambao haubadiliki, na ule wa kupanda na kushuka, ambao dunia inauvuta chini. Unaandika unachokijua, unachagua mlinganyo, unatafuta muda. Alisema hayo huku akinitazama mimi, maana wenzangu wote walikuwa wameshaelewa.

Somo hilo lilikuwa limeniangusha mara mbili katika chuo cha ufundi mjini Kisii, nilikokuwa nikisomea ujenzi wa barabara. Sheria ya chuo haikuwa na kona: ukianguka mara ya tatu, funga sanduku uende kwenu. Na mimi kwenda kwetu sikutaka. Kwetu ni kupita Ekerenyo, kwenye miteremko ya chai, ambako mvua ikinyesha hata watu wa bodaboda hukuteremsha chini ya kilima na kukutakia safari njema. Nilitaka kuwa mtu wa kuitengeneza ile njia. Sijawahi kutaka kitu kingine kwa nguvu hivyo.

Shida yangu ilikuwa ya kijinga, na ilitoka nyumbani. Kila nilipochora njia ya mpira au jiwe, niliishusha ikatua chini kuliko ilikoanzia. Kwetu hakuna kinachorushwa kikatua usawa ule ule. Mpira ukiupiga, unaufuata mtoni. Parachichi likidondoka, utalipata kwa jirani wa chini, tena akiwa na roho nzuri. Kwa hiyo swali liliposema mpira umepigwa kutoka ardhini, utatua umbali gani, mimi nilinyoosha mkono nikauliza ni ardhi ya wapi. Mwanafunzi mwenzangu mmoja kutoka Ahero, ambako nchi imelala kama meza, alicheka mpaka akafuta machozi. Baadaye yeye huyo huyo ndiye aliyejitolea kunifundisha.

"Sista, ardhi ni flati," aliniambia. "Weka sifuri hapo kwa mwinuko, wachana na maswali."

Nikaacha maswali. Nilikariri njia ya mkato: chukua kasi ya kupanda, zidisha kwa mbili, gawa kwa mvuto wa dunia, muda huo hapo. Nilifanya mazoezi mpaka nikaweza kuyatatua maswali hayo kichwani nikiosha vyombo. Kila swali lilitoka sawa. Mwalimu akaanza kunisalimu.

Mtihani uliwekwa Jumatatu, nami nikaenda nyumbani wikendi hiyo. Jumamosi ni Sabato, vitabu havifunguliwi. Baba yangu ni mzee wa kanisa, na siku hiyo hata redio hunyamaza. Ibada ilipokaribia kwisha, wote wenye mitihani waliitwa mbele waombewe. Nikasimama katikati ya watoto wa shule, mimi mtu mzima, kichwa changu kikiwa juu ya vichwa vyao vyote. Akina mama wakatuwekea mikono. Mmoja wao aliomba kwa Kigusii, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba Bwana aniondolee roho ya kusahau. Niliona aibu mno. Lakini pia niliamini, siwezi kukataa. Nilirudi chuoni nikiwa na uhakika kwamba safari hii nimepona.

Swali lilikuja. Jiwe linarushwa kutoka juu ya jengo la mita kumi na tano, kwa kasi ya mita ishirini kwa sekunde, likielekezwa juu kwa pembe ya nyuzi thelathini. Litagonga ardhi baada ya muda gani? Mkono wangu ulikimbia wenyewe. Kasi ya kupanda, kumi. Mwinuko, sifuri. Muda, sekunde mbili. Sehemu zote zilizofuata zilitumia muda huo, nami nikautumia kwa furaha, nikapiga mstari chini ya kila jibu.

Nje, yule wa Ahero aliniuliza nimepata ngapi. Nilimwambia mbili. Kisha akasema yeye alipata tatu.

"Sista, na jengo?" akauliza.

Baada ya sekunde mbili jiwe langu lilikuwa bado hewani, usawa wa paa, chini yake hakuna kitu. Swali moja tu katika maisha yangu yote ya shule lilikuwa limewekwa kwa ajili ya watu wa kwetu, na nilikuwa nimejifunza kutoliona. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mwalimu, nikaikasirikia nchi yote iliyolala. Hasira haikusaidia. La kuvunda halina ubani.

Matokeo yalipobandikwa niliyasomea mbali, kisha nikaenda kufunga sanduku. Nyumbani baba aliuliza kama mwalimu anaweza kubembelezwa. Nikasema hawezi. Akauliza kama kuna njia nyingine. Nikasema hakuna. Akasema sawa, akaenda kumwangalia ng'ombe, na hatujalizungumza tena.

Siku hizi nachuma chai. Asubuhi mimi na baba tunachuma pamoja, mchana tunapeleka majani kwenye kituo cha kununulia, na wanawake wa foleni huniuliza chuo kinafunguliwa lini. Hawana ubaya, wanauliza tu. Baba ni mtu ambaye aliwahi kupanda kilima kizima kurudi kwa jirani, kwa sababu alikuwa amemwambia ndama ana miezi sita kumbe ana mitano. Swali hilo likitoka, hunijibia kabla sijafungua mdomo.

"Muhula ujao," husema, akiangalia kikapu chake.

Tumeshapita mihula mingi, na bado anawaambia hivyo.