Soksi Ndani ya Kikapu cha Kogo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya likizo ya April ambayo hunijia hata nikiwa kwa foleni ya githeri, sahani mkononi. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Wewe uko Fomu Wani, mimi niko Fomu Foo, nina ndevu tatu na ya nne iko njiani. Kwa hii shule mimi ni mzee. Keti vizuri.

Mimi nililelewa na Kogo, yaani nyanya yangu, mama ya mama, huko juu karibu na Kimulot. Ndiye alinifundisha kuchuna majani chai: unashika majani mawili na kile kichipukizi, unarusha nyuma ya bega bila kuangalia kikapu. Na ndiye alinifundisha ujinga wangu wote. Watu hapa wanadhani nilizaliwa nikichekesha. Wapi! Kogo alikuwa anaweza kumwiga mhubiri, mbuzi wa mhubiri, na bibi ya mhubiri akimtafuta huyo mbuzi, kabla hatujamaliza mstari mmoja wa chai. Namjibu kutoka mstari wangu, ananijibu kutoka wake, ukungu umefunika kila kitu, hatuonani, tunasikiana tu tukicheka.

Sasa asubuhi hiyo, nikiwa Fomu Tu na nikijiona nimempita Kogo mwenyewe kwa mzaha, nikaficha soksi yangu ya shule chini kabisa ya kikapu chake. Nikaifunika na majani magumu, yale yamekomaa hadi ng'ombe anayakataa. Nilitaka tu kuona karani anayekagua na kupima chai akishtuka.

Lakini Kogo alikuwa kwa kamati ya senta ya majani, pale tunapouza chai. Miaka yote, kikapu chake hakikuwahi kukataliwa kikarudishwa. Ni yeye alikuwa akiwaambia wamama wengine, "Chuneni kama watu wenye macho." Hilo nililijua. Nililijua na nikaweka soksi.

Tulipofika senta, karani akamwaga kikapu kwa meza. Majani safi, majani safi, halafu yale magumu, halafu soksi. Wamama walipiga kelele, mwanangu! Mmoja akasema, "Mama wa kamati, kumbe siku hizi chai yako inaenda shule?" Mimi nilicheka kuliko wote. Nilishikilia nguzo nisianguke.

Karani hakucheka. "Hii ni ya nani?"

Kogo akaichukua. Kwa kisigino ilikuwa na uzi mwekundu, maana ni yeye mwenyewe aliishona. Akauangalia ule uzi. Mimi hakuniangalia.

"Ni yangu," akasema. "Nilijikata kidole, nikafunga nayo, ikaniponyoka."

"Na haya magumu?"

"Macho yamezeeka, kijana yangu. Nisamehe."

Karani akarudisha kikapu chote. Kogo akayazoa majani kwa mikono miwili, akabeba, tukaenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma. Nilingoja matusi. Nilingoja fimbo, hata nikakaza makalio. Hakuna. Alinipa chai na viazi, akaifua ile soksi, akaianika. Baada ya wiki moja akatoka kwa kamati, akawaambia ni macho. Macho yake hayakuwa na shida yoyote. Kuku wa jirani akiingia shambani kwetu, Kogo alimwona akiwa mlangoni. Na kwa mistari ya chai hakumwiga mtu tena. Tulichuna hivyo mpaka shule ikafunguliwa.

Nikajiambia nitasema August. Sisi watu wa vichekesho tuko hivyo: maneno mia ya upuzi yako tayari mdomoni, moja la kweli linakwama kwa koo.

August nikakuta nyumba imefungwa. Magoti ya Kogo yalikuwa yamekataa mteremko wa shamba, mama mdogo akamchukua akaenda kuishi naye Litein. Hakuna aliyenijulisha. Nani angeandika? Barua za Kogo nilikuwa nikiziandika mimi.

Nikachuna peke yangu. Siku ya kwanza nikasema kitu kuhusu yule mhubiri, kwa sauti, halafu nikangoja. Nilingoja kabisa, mkono hewani na majani ndani yake. Nikasikia tu matone yakianguka kwa chai. Hapo ndipo nilielewa kwamba hata kucheka kwangu nilipewa, na aliyenipa nilimwaibisha mbele ya wenzake.

Jumamosi nikashuka Litein. Alikuwa nje kwa kiti, blanketi kwa miguu. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu. Ikatoka hivi: "Kogo, ni mimi niliweka ile soksi. Na kila kitu kizuri niko nacho, ni wewe ulinipa."

"Nilijua ni ya mguu gani," akasema. "Umekaa miezi minne kama mbuzi amemeza kamba. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Wewe ukiogopa, mimi nikikungoja." Akanishika mkono. "Na ile ilikuwa April yangu ya mwisho kwa yale majani."

Jumatatu nikasimama pale senta, nikawaambia wamama na karani ukweli wote. Hakuna aliyecheka. Ilikuwa mara ya kwanza nasimama mbele ya watu bila kutaka wacheke. Jina lake likasafika, lakini kiti chake kwa kamati kilikuwa na mtu mwingine, na magoti yake hayajapona. Kila likizo nachuna peke yangu. Nimezoea, lakini sijapenda.

Kwa hivyo mwanangu, hapo ulipo kuna mtu alikushonea, mtu alikufundisha kushika kalamu, mtu alikubali aibu yako ikawa yake. Usingoje mtihani uishe ndiyo umkumbuke. Usimtumie mzaha ukidhani atajua maana yake. Nenda mwenyewe, useme kwa maneno ya kawaida, hata kama yanatoka vibaya. Na kama ulimkosea, anza na hilo.

Mungu akulinde, akuvushe hii shule na akili zako zikiwa zimebaki. Na siku utakayoenda kumshukuru mtu wako, umkute ameketi nje anaota jua, akuulize kama umekula.