Mjane wa Gauni la Manjano

Ile filamu ya vichekesho vya mapenzi iliyokuja kuzoa tuzo kule Madrid ilipigwa hapa kwetu Valdeorna, na magauni yake yote ya kizamani yalipita mikononi mwa Obdulia. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa siku nyingi, na tangu amzike mumewe hakuwahi kuvaa rangi nyingine ila nyeusi. Wenye filamu walimletea nguo za enzi za bibi zetu, zimeliwa na nondo, naye akazifufua moja moja, pini mdomoni, bila kumsengenya mtu. Katika kijiji hiki huo ni muujiza.

Alikuwa na siri moja, na siri yenyewe wote tuliijua. Eutimio, mfuga nyuki aliyefiwa na mkewe, alikuwa akimpelekea asali nyingine hata kabla ile ya kwanza haijaguswa. Alimposa, akakataliwa, akaposa tena. Si kwamba hakupendwa. Obdulia alimpenda kiasi kwamba siku Eutimio asipopita, pindo zilikwenda kombo. Alichoogopa ni kengele.

Kwetu mjane akiolewa tena, kijiji kizima humwendea mlangoni na kengele za ng'ombe, sufuria na nyimbo za aibu, mpaka bwana harusi atoke awanyweshe divai. Eti mzaha. Mama yake mdogo Obdulia alipigiwa wiki nzima, maana bwana harusi alikuwa mkaidi, hakutoa hata tone. Yule mama alihama, hakurudi hata kumzika dada yake. Obdulia, mtoto wakati huo, alijificha chini ya kitanda akimsikia analia. Mzaha wa namna hiyo mimi sijawahi kuuona utamu wake.

Sasa kumbe filamu nayo ilikuwa na mjane wake, na huyo mjane alipaswa kupigiwa kengele. Siku ya kuipiga sehemu hiyo, mchana kweupe, tulijaa uani na vyuma vyetu, tumelipwa tupige kelele tulizozoea kuzipiga bure. Lakini mwigizaji wa huyo mjane alikuwa ameamka na homa. Yeye na Obdulia walikuwa umbo moja, ndiyo maana fundi alikuwa akilijaribu gauni la manjano la huyo mjane mwilini mwake mwenyewe. Mwongozaji akamwendea.

"Utasimama dirishani tu, mama. Uso hautaonekana vizuri."

"Nivue nyeusi yangu mbele za watu?"

"Kwa muda mfupi tu."

Casilda, jirani yake mwenye ulimi wa pilipili, akadakia. "Vaa, shoga. Marehemu mwenyewe enzi za uhai wake hakuwahi kujua umevaa nini."

Akavaa. Akasimama dirishani, amekishika kizingiti kwa mikono miwili. Mwongozaji akatoa ishara, na uani kukawaka kelele. Obdulia alifumba macho, akangoja aibu imshukie. Haikushuka. Alipofumbua macho aliwaona watu anaowatilia viraka vya suruali, wanacheka, jasho linawatiririka, wengine hata meno hawana. Na katikati yao alimwona Eutimio, ameshika kengele kubwa kuliko zote, kiganja amekiingiza ndani isilie.

Mwongozaji akasema basi. Watu wa kamera wakaanza kufunga vitu vyao. Sisi hatukuacha. Sijui nani aliamua, lakini hapo hatukuwa tukimpigia tena mjane wa filamu, na kila mtu uani alijua.

Casilda akaweka sufuria kwapani. "Wewe Eutimio, mbona hupigi? Hela si umekula kama sisi?"

"Mwingine yeyote nitampigia," akasema Eutimio. "Huyo siwezi. Msinilazimishe."

Obdulia alimsikia. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke hadi kwenye kola ya manjano aliyoishona kwa mkono. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa amechoka kumpenda kwa kujificha. Akainama nje ya dirisha.

"Eutimio."

"Naam."

"Unangoja nini? Kalete divai."

Kengele zote zikanyamaza, hata kabla hajageuka kwenda.